Bluu Iliyopandia Mzizini

Mama wa mtuhumiwa alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi, mfuko wa nguo mapajani. Inspekta alitaka kupita kama hajamwona, lakini mama akawahi kusimama.

"Mwanangu, samahani. Naomba mnipelekee binti yangu nguo hizi. Gauni nimelipiga pasi, asije akasimama mbele ya hakimu amekunjamana."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Matusi Inspekta aliyazoea, yaliingia sikio hili yakatokea lile. Lakini kuitwa mwanangu na mama ambaye umemtia mtoto wake pingu, tena kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kukusumbua, hilo lilimpandisha joto usoni. Akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akamkabidhi askari wa zamu, akatoka nje mbio kama aliyesahau sufuria motoni.

"Kulikoni, afande?" akauliza koplo, dereva wake, kijitu chenye mdomo usiolala.

"Washa gari."

"Gari limewaka."

"Basi funga mdomo."

Kituoni walimwita Msumari. Akishakugongelea kesi, ndiyo imetoka hiyo, hakuna wa kuing'oa. Na hii aliigongelea juzi kwa pigo moja. Mwenye kiwanda cha vifaa vya meno alikuja kituoni anatokwa na povu. Chuo cha udaktari wa meno, akasema, kilikuwa kinapima vijazo vya aina tatu, vile vinavyochongwa nje ya mdomo kisha vikagandishwa kwa gundi kwenye tundu la jino: cha dhahabu, cha kauri, na cha plastiki ngumu anachotengeneza yeye. Walitaka kuona kipi kinaziba sawasawa na kipi kinavujisha. Cha kwake kimevuja mpaka jino zima limekuwa bluu. Haiwezekani! Mtu amekichezea.

Inspekta akaenda maabara siku hiyo hiyo. Akaonyeshwa trei ya meno yenye vijazo vya plastiki, yamepakwa rangi nyekundu ubavuni. Akapekua mkoba wa fundi wa maabara, mwanamke ambaye wanafunzi humwita Dada Rangi, akakuta chupa ya rangi ya kucha, nyekundu ile ile. Kwisha kazi. Dada Rangi alikuwa ukumbini akiwaonyesha wanafunzi namna ya kupaka. Inspekta akaiinua chupa ile watu wote waione, na Dada Rangi akatiwa pingu pale pale jukwaani, akashushwa ngazi, akapitishwa katikati ya viti huku ukumbi mzima ukitazama.

Mchana huu mwendesha mashtaka alikuwa anampeleka mahakamani. Akishasomewa shtaka la kuharibu utafiti makusudi, chuo kitamwachisha kazi kabla jua halijazama, ndivyo kanuni zao zinavyosema, na baada ya hapo hakuna maabara itakayomgusa. Kwa Inspekta kilibaki kitu kidogo tu: kwenda kuchukua meno yenyewe, yawe vidhibiti.

*

Mlango wa maabara ulikuwa na tangazo kubwa: NI MARUFUKU KULA AU KUNYWA HUMU. Chini yake sahihi ya Profesa, ndefu, yenye mkia.

Profesa mwenyewe aliwafungulia. Mtu mrefu, koti jeupe, macho mekundu ya kukosa usingizi. Mke wake ni dada mkubwa wa Dada Rangi, kwa hiyo mtuhumiwa ni shemeji yake wa kuzaliwa tumbo moja na mkewe, na juzi Inspekta alimsifu moyoni kwa jinsi alivyosimama kando bila kuingilia.

"Nyumbani kwangu hapakaliki," alisema Profesa akiwavutia viti. "Mke wangu hajanisemesha tangu juzi. Anasema nimemtupa mdogo wake. Nimtetee vipi na ushahidi umesimama?"

"Pole, Profesa. Nimekuja kuchukua meno. Yote."

"Yote? Ya plastiki si hiyo trei yake mezani?"

"Mwendesha mashtaka anataka na ya dhahabu na ya kauri. Hakimu alinganishe."

Profesa akasita. Kusita kidogo tu, kama kwa mtu anayetafuta ufunguo ulio mkononi mwake. Akafungua kabati la chini, akatoa trei mbili, akaziweka juu ya meza kando ya ile ya plastiki.

Inspekta akazisogelea. Meno ya kauri yalikuwa yamepakwa rangi ya kijani. Meno ya dhahabu, nyeupe.

"Mbona haya ya kijani?" akauliza.

"Hiyo ni alama ya kundi. Kila kundi lina rangi yake ya kucha, ili yasichanganyike. Tunapaka jino zima mara mbili, tunaacha ukingo mwembamba tu kuzunguka kijazo. Kisha tunalilaza kwenye maji ya bluu. Bluu ikitaka kuingia, iingilie hapo tu, kwenye mshono wa jino na kijazo. Baadaye tunalipasua jino kwa msumeno, tunaona imeingia mpaka wapi."

"Na hizo rangi za kucha mnazipata wapi?"

"Dukani, kama watu wote. Fundi ndiye hununua."

"Anazibeba kwenye mkoba wake."

"Nadhani."

"Profesa, juzi nilipoitoa ile chupa ulikuwa umesimama hapa. Bega kwa bega na mimi."

Profesa akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la koti. "Hukuniuliza, Inspekta."

Loo! Hakumuuliza, ni kweli. Hakumuuliza mtu yeyote. Alimweka yule mwanamke kwenye kiti cha chumba cha mahojiano, akaiweka chupa mezani, akamwambia, chupa hii ni yako, ndiyo au hapana? Ndiyo, lakini... Nimekwambia ndiyo au hapana! Akatoka chumbani mle kifua mbele. Jioni akawahadithia wenzake, wakacheka, na yeye akacheka. Sasa alikumbuka kicheko chake mwenyewe na akatamani sakafu ipasuke. Koplo alikuwa anatazama dirishani kwa bidii nyingi mno, kama nje kuna harusi.

Chupa imekufa kama ushahidi. Lakini meno bado yalikuwa bluu, na mtu bado yuko ndani.

"Nionyeshe kwa hadubini," akasema. "Jino moja la kila kundi. Nieleze kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Na mimi je, afande?" koplo akauliza.

"Wewe wa chekechea. Njoo."

Profesa akaweka nusu ya jino la dhahabu. Inspekta akainama. Alichokiona kilikuwa wazi kuliko alivyotarajia: ukuta wa jino, kipande cha dhahabu ndani yake, na kati yao mshono. Uzi mwembamba wa bluu ulianzia juu, ukashuka hatua ndogo, ukakoma.

"Hiyo ni nzuri," akasema Profesa. "Dhahabu unaweza kuisugua ukingoni ikalala kabisa juu ya jino. Sasa tazama kauri."

Kwenye kauri uzi ulishuka zaidi, ukafika kona ya chini ya tundu, ukafia hapo.

"Nayo inakubalika. Ukingo wa kauri ni mgumu, haulali, kwa hiyo gundi ndiyo inayobeba kazi. Na plastiki ndiyo hii."

Plastiki ilikuwa balaa. Bluu tupu, chini kote, kama wino uliomwagikia kitambaa.

"Plastiki hunywea kidogo inapogandishwa," Profesa alieleza, na sauti yake ikawa ya darasani, ya mtu aliyerudi kwenye barabara aijuayo. "Nilitegemea ivuje kiasi, kuliko hizo nyingine mbili. Lakini si hivi."

"Ngoja. Mshono wake uko wapi?"

"Huo hapo. Kushoto, na kulia."

"Huu?"

"Huo."

"Mbona ni mweupe?"

Inspekta akasogeza kioo polepole. Juu, pale ambapo bluu ilitakiwa iingilie, mshono ulikuwa safi, na uzi wake ulikuwa mfupi karibu kama ule wa dhahabu. Bluu nzito ilikuwa chini. Kadiri unavyopanda ndivyo inavyofifia. Akaondoa jicho, akampisha koplo.

"Mwizi gani huyu? Yuko sebuleni, na mlango wa mbele umefungwa kwa komeo."

Koplo akatazama, akachezesha midomo. "Amepitia nyuma, afande. Huku chini."

"Huku chini ni wapi, Profesa?"

"Ni ncha ya mzizi." Alisema hivyo kwa sauti ndogo. "Ina kitundu, huwa tunakiziba kwa nta kwanza, kabla ya kupaka."

Inspekta akachukua koleo, akageuza jino la dhahabu juu chini. Kwenye ncha ya mzizi palikuwa na tone la nta ya waridi. Jino la kauri, tone la waridi. Jino la plastiki, hakuna. Akachukua jingine la plastiki, hakuna. Akayageuza yote moja moja, na yote yalikuwa uchi nchani, ya bluu iliyoiva.

"Nani aliweka nta?"

"Yeye. Shemeji. Makundi yote kwa mara moja." Profesa akavuta pumzi. "Basi hapo ndipo. Haya aliyaruka. Makusudi au kwa kusahau, mimi siwezi kusema, lakini aliyaruka. Unaona? Kesi yako bado ipo."

Ilikuwa kamba, na Inspekta alikuwa mtu anayezama. Angeishika, angefika mahakamani mchana huu na kesi yake mkononi, na yule mama kule kwenye benchi asingekuwa na wa kumlaumu. Aliitazama kamba hiyo kwa muda. Aliona aibu hata kwa kuitazama. Kisha akarudi kwenye hadubini na jino la plastiki, safari hii ncha ya mzizi.

Rangi nyekundu iliteremka ubavuni mwa jino, ikafika karibu na ncha, ikakoma kwenye duara. Duara safi kabisa, lenye ukingo ulioinuka kidogo, kama alama inayoachwa na kikombe mezani ukimwaga chai kukizunguka.

"Angekuwa ameruka nta," akasema taratibu, "rangi ingefunika mpaka mwisho. Si ndiyo? Hii imepakwa kuzunguka kitu. Nta ilikuwepo alipokuwa anapaka. Imetoka baadaye. Baada ya kupaka mnafanya nini?"

Profesa akaanza kuzipanga trei upya.

"Profesa, nauliza. Leo nauliza kila kitu."

"Beseni," akasema. "Tunayachovya kwenye maji ya moto na ya baridi, zamu kwa zamu. Kama mtu anayekunywa chai halafu maji baridi. Ndipo yanakwenda kwenye bluu."

"Beseni liko wapi?"

"Chumba cha ndani. Limeoshwa."

"Sikuuliza kama limeoshwa."

*

Chumba cha ndani kilikuwa kidogo kama stoo, na Profesa alikifungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Ndani palikuwa na mabeseni mawili ya chuma yenye vifuniko, la moto na la baridi, na vikapu vya waya vya kuwekea meno. La moto lilikuwa na kitasa cha kupandishia joto mbele, na alama nyekundu ya wino mahali ambapo kitasa kinatakiwa kisimame. Lilikuwa limeoshwa kweli, linang'aa. Lile la baridi lilikuwa na utando wa chokaa wa siku nyingi. Inspekta akayatazama yote mawili.

"Mmoja anaoga, mmoja haogi," koplo akanong'ona.

"Nani aliendesha beseni siku ya meno ya plastiki?"

"Mimi mwenyewe. Shemeji alikuwa amempeleka mama yake kliniki. Nilimpa ruhusa."

"Nta hii inayeyuka kwenye joto hilo lenye alama?"

"Hapana. Inalainika kidogo tu. Kuyeyuka inahitaji joto zaidi."

Inspekta akavaa glavu, akatoa kikapu cha waya, akakigeuza. Mtu aliyeosha beseni alisugua kuta, akasugua sakafu, lakini kikapu alikisuuza tu, mwosho wa kiume. Kwenye kona, pale nyaya zinapokutana, palikuwa na punje punje za waridi. Nta. Akazibandua kwa koleo, moja moja, juu ya karatasi nyeupe. Ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko nyingine, ndefu, na ilikuwa na kitu ndani. Akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

Ilikuwa punje ya wali. Imekaa ndani ya nta kama mbegu ndani ya tunda.

Koplo aliisogelea, akaitazama, akageuka kuutazama mlango wenye tangazo, kisha akajifanya ana kikohozi.

"Hii nta ilikuwa maji," Inspekta akasema, "na wali ulikuwa humu humu wakati huo huo. Nani anakula wali kwenye maabara hii, Profesa?"

"Itakuwa mlinzi." Lilitoka haraka mno. "Walinzi hawa wana tabia ya kupasha vyakula vyao popote. Nimewakataza mara ngapi!"

"Mlinzi ana ufunguo wa chumba hiki?"

"Huenda siku hiyo niliacha wazi."

Inspekta akamtazama. Juzi mtu huyu alinyamaza mwanamke akafungwa, na leo anatoa mwingine afungwe. Lakini aliyefunga juzi ni nani? Ni yeye, Msumari. Hata kukasirika vizuri hakuweza, kila alipoanza hasira ilimgeukia mwenyewe.

"Koplo, nenda kamlete mlinzi. Chukua na pingu."

"Sawa, afande." Koplo akatoka, na alikuwa hatanii tena.

"Juzi nilifunga kabla ya kuuliza," Inspekta alimwambia Profesa. "Leo nakuuliza kabla sijafunga. Mlinzi ana watoto, bila shaka. Ana mama. Nimtie ndani?"

Nyayo za koplo zilisikika zikipotelea kwenye korido.

"Usimwite," Profesa akasema. "Si mlinzi."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu mzima yule, magoti yakamfikia kifuani. Inspekta akamwita koplo arudi, kisha akasimama kungoja.

"Nilikuwa sijala tangu asubuhi," Profesa akaanza. "Mke wangu alinifungia chakula. Nikasema nikiweke kibakuli humo pembeni ya kikapu, dakika mbili. Maji hayakuwa moto wa kutosha, nikapandisha kitasa. Simu ikaita, mkuu wa chuo ananitaka. Nikaenda. Nikasahau. Niliporudi, kibakuli kimepinduka, na juu ya maji kuna ngozi ya waridi."

"Ukajua."

"Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Nilitakiwa nilitupe kundi zima. Lakini meno mazima ya kufanyia kazi hii hayapatikani hovyo, tulikusanya miaka miwili. Na wizara ilikuwa inangoja majibu, ijue ni kijazo gani kipelekwe kwenye zahanati za watu. Nikajidanganya kwamba pengine mizizi itaizuia bluu. Nikaosha beseni. Nikayatia kwenye bluu."

"Halafu mwenye kiwanda akaja kulia."

"Halafu ukaja wewe."

"Ukaniona natoa chupa."

"Nilidhani mtamhoji mtamwachia, jioni atakuwa nyumbani. Hakurudi. Kila saa iliyopita ikawa ngumu kuliko ile ya kabla yake. Ningesema nini, Inspekta? Mimi niliyeandika lile tangazo! Mimi niliyemfukuza mwanafunzi kwa kipande cha mkate! Niseme utafiti wa taifa umeharibiwa na kibakuli changu cha wali? Niliona aibu."

"Shemeji yako amelala sakafuni siku mbili kwa sababu wewe uliona aibu ya wali."

"Ndiyo," akasema Profesa, na akafunika uso. "Ndiyo hivyo hivyo ulivyosema."

*

Mwendesha mashtaka alipopigiwa simu aliguna. "Msumari, leo umejing'oa mwenyewe. Haya. Nafuta. Kamtoe."

Dada Rangi alikuwa amesimama katikati ya selo, amevaa gauni lililopigwa pasi, nywele amezibana, tayari. Alikuwa mdogo kuliko Inspekta alivyomkumbuka. Mlango ulipofunguliwa akapiga hatua mbele.

"Gari limefika?"

"Huendi mahakamani, dada. Uko huru. Nilikosea."

Dada Rangi hakuruka kwa furaha wala hakulia. Alimsikiliza Inspekta akimweleza yote, nta, duara, beseni, mpaka wali. Kwenye wali mdomo wake ulicheza, nusura acheke, kisha ukatulia.

"Shemeji?" akauliza.

"Ndiye."

"Alikuja jana kunitazama. Aliniletea maji ya kunywa. Akaniambia nivumilie." Akamtazama Inspekta. "Na wewe nilikuwa nakwambia. Nilisema ndiyo, lakini. Ukanikatiza."

"Nilikukatiza."

"Ningemalizia tu ile lakini, nisingelala hapa."

"Najua. Sina cha kujitetea. Mama yako yuko nje, nitawapeleka nyumbani kwa gari langu."

"Kwanza mahali uliponitoa."

"Wapi?"

"Ukumbini. Wamo saa hizi, ni kipindi changu. Nirudishe pale uliponitoa."

Inspekta angekubali kuvuliwa vyeo kuliko hilo. "Dada, nitaandika taarifa kamili. Itasema wazi kwamba..."

"Taarifa yako ataisoma nani? Wale hawakusoma, waliona."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa. Walipoingia, Inspekta mbele, Dada Rangi nyuma, na Profesa akifuata na koplo ubavuni, minong'ono ilikatika ghafla. Inspekta alipanda jukwaani. Alikwisha kusimama mbele ya majambazi wenye silaha, na ilikuwa rahisi kuliko hapa.

"Juzi," akasema, kisha akaanza upya. "Juzi nilimtoa dada huyu hapa mbele yenu, na pingu. Nilikosea. Hakuharibu kitu. Niliona rangi ya kucha kwenye mkoba wake nikadhani nimepata ushahidi, kwa sababu kazi yenu siijui na sikuuliza. Naona aibu. Naomba radhi kwake, nyinyi mkisikia."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Wengine wakadakia, ukumbi ukalipuka, makofi ya watu waliofurahi kupata pa kutokea. Dada Rangi akainua mkono, na yakafa.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Nani humu hajui kila kundi lina rangi yake? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono uliopanda.

"Somo la kwanza la mwaka wa kwanza. Mimi ndiye ninayewafundisha. Juzi nilikuwa nawafundisha hilo hilo, chupa ya kijani mkononi." Macho yake yalipita viti mstari kwa mstari. "Afande hakujua. Nyinyi je?"

Wengine walitazama viatu, wengine daftari zilizofungwa. Mwishowe msichana wa viti vya mbele akasimama nusu, mikono imeshika meza. "Dada, tulijua. Lakini Profesa alikuwa amesimama pale. Tukasema yeye ndiye atasema."

Vichwa vyote vikageukia mlangoni alipokuwa Profesa.

"Shemeji..." akaanza.

"Mimi nimeshaambiwa. Waambie wao."

Profesa akapiga hatua moja mbele. "Nilipasha chakula changu kwenye beseni la moto. Nta ikayeyuka. Nilijua tangu siku ile."

Kicheko kimoja kilimponyoka mtu, huko juu, cha mtu asiyekusudia. Dada Rangi akageuka kukitafuta.

"Chekeni," akasema. "Mbona mnajizuia? Juzi nilipita hapa kati hakuna aliyecheka wala aliyelia. Hata kunyanyuka hakuna aliyenyanyuka."

Hakuna aliyecheka tena. Yule msichana wa mbele alianza kulia, chini chini, na Dada Rangi hakumbembeleza. Alikunjua mikunjo ya gauni lake, akashuka jukwaani, akaanza kutembea kati ya viti kuelekea mlangoni, kichwa juu. Inspekta akamfuata kwa mbali kidogo. Moyoni alianza kupata nafuu. Limekwisha, alijiambia. Limekuwa gumu, lakini limekwisha.

Mlangoni Dada Rangi akasimama. Njia ilikuwa wazi, mlango uko wazi, korido tupu. Hakupita. Inspekta akafikiri amesahau kitu, akangoja. Watu wote walikuwa wanatazama. Ndipo yule mwanamke akageuza uso nusu, bila kumtazama machoni, na kwa sauti ndogo ambayo hakuitumia jukwaani, sauti ambayo siku mbili za selo zilikuwa zimemfundisha, akauliza:

"Niende, afande?"

Inspekta akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono nyuma, kisha akasema, "Nenda, dada."